Umeme Ukikatika, Dizeli Huitwa

Tarehe 14 Oktoba 2024 Serikali ya Uganda na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 272, gharama yake ni euro bilioni 2.7, na treni zake zitaendeshwa kwa umeme. Kila treni itakayovuka mpaka itaanza safari yake ya Uganda katika ardhi ya Tororo, si mbali na mashamba ya mihogo na ulezi ya Molo, kata iliyo kaskazini mwa mji huo. Msomaji wa Kenya asiichanganye na Molo ya Nakuru, ingawa hiyo nayo imezoea ngurumo za treni tangu reli ya Kisumu ilipopita huko zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kuhusu kasi ya treni hizo na tani zitakazobeba, mengi yamesemwa. Lakini kuna swali ambalo watu wa Tororo na wenzao wa kaunti ya Busia, ng'ambo ya mto Malaba, wana haki ya kuliuliza kabla waya wa kwanza haujatundikwa: siku umeme ukikatika na treni ikasimama katikati ya mbuga, nani ataikokota?

Katika nchi nyingi jibu limekuwa lile lile kwa miaka mingi. Huitwa kichwa cha dizeli, na mara nyingi ni kikongwe, kile ambacho wakubwa wa reli walikuwa wamekwisha kukiandikia barua ya kustaafu.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Kichwa cha treni ya umeme hakibebi nguvu yake. Kinainyonya kutoka kwenye waya ulio juu ya reli, kwa mkono wa chuma unaokwaruza waya huo safari nzima, na umeme ule, wa volti 25,000 katika reli nyingi za sasa, hushushwa na transfoma kabla ya kufika kwenye mota za magurudumu. Waya ukikatika, mti ukiuangukia au kituo cha kupozea umeme kikizimika, treni yenye nguvu za farasi maelfu hubaki chuma kitupu. Viyoyozi hunyamaza. Taa huendelea kwa betri, nazo zina kikomo. Pampu za hewa husimama, na hewa ndiyo inayotawala breki. Kichwa cha dizeli, kwa upande wake, kina jenereta yake tumboni. Injini huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota, na mota huzungusha magurudumu. Mradi tangi lina mafuta, hakiombi kitu kwa mtu.

Kazi ya kuokoa treni ina taratibu zake, na wanaozifahamu hawazifanyii haraka. Dereva aliyekwama akishaomba msaada, haruhusiwi kusogeza treni yake hata hatua moja, hata umeme ukirudi dakika tano baadaye, mpaka apate ruhusa upya. Sheria hiyo imeandikwa kwa damu: kichwa cha uokoaji kinaingia katika kipande cha reli ambacho tayari kina treni, na dereva wake anakuja akiamini kwamba aliyekwama yuko pale pale alipoambiwa. Kinakuja polepole. Kikifika karibu husimama kwanza, kisha husogea kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi viungio vigusane. Hapo mtu hushuka, akaunganisha mipira ya breki na kufungua koki, wakasubiri hewa ijae kutoka mwanzo wa treni hadi behewa la mwisho. Wanazijaribu breki. Wakiridhika ndipo treni inaondoka, na mwendo wake ni mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye tiketi.

Ugumu mkubwa mara nyingi huwa kwenye kiungio. Treni za umeme za abiria zinazokuja zikiwa seti nzima zina viungio vya aina yake, na kichwa cha zamani cha mizigo kina vya aina nyingine kabisa. Pasipokuwa na kiungio cha kati cha kuvioanisha, dizeli inaweza kufika ikasimama hatua mbili kutoka kwa abiria waliokwama na isiwafae kitu.

Waingereza walijifunza jambo hilo mapema. Kampuni ya Virgin ilipoleta treni za umeme za Pendolino mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitayarisha pia vichwa 16 vya dizeli vya kuziokoa. Havikuwa vipya. Vilikuwa vichwa vya miaka ya 1960 vilivyowekewa injini zilizokwisha kutumika, vikafungwa viungio vinavyoshikana na Pendolino, kisha vikapewa majina ya wahusika wa Thunderbirds, mchezo wa televisheni wa mwaka 1965 unaohusu kikosi cha waokoaji. Vilikaa stesheni kubwa, tayari kuitwa. Watu walivicheka kwa uzee wao, lakini aliyekwama usiku wa baridi kwenye njia ya Glasgow aliviona kwa jicho jingine. Tena tarehe 18 Desemba 2009, treni tano za Eurostar zilikwama ndani ya handaki la chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, baada ya theluji kupenya kwenye mitambo yake ya umeme na kuyeyuka katika joto la handaki. Zaidi ya abiria 2,000 walishikwa humo. Vichwa vya dizeli vya wenye handaki ni miongoni mwa vilivyoingia gizani kuzitoa treni hizo.

Hapa ndipo historia ya Tororo inapokutana na ya Uingereza, kwa njia ambayo wengi wa kwetu hawaijui.

Reli kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1929 tawi la kaskazini likafika Soroti, na mwaka 1931, daraja la Mto Nile pale Jinja lilipokamilika, treni ya Mombasa ikaingia Kampala. Tawi la kaskazini liliendelea kusukumwa hadi Pakwach mwaka 1964. Tororo ikawa njia panda: mzigo wa Kampala ulinyoosha magharibi, pamba na watu wa Teso na Lango wakashuka kutoka kaskazini. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi ya kuvuta ilikuwa ya mvuke. Vichwa vikubwa vya Garratt, vingi vyake vikiwa vimetengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, ndivyo vilivyopanda milima. Ili kufika Tororo kutoka Nakuru lazima treni ipite Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha iteremke hadi tambarare ya Malaba. Garratt ilikuwa na uwezo huo, lakini ilikunywa maji mengi na mafuta mazito mengi, na kila kituo cha kujazia maji kilihitaji watu.

Mwaka 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vikubwa vya dizeli vya aina ya 90 kutoka English Electric. Vilitengenezwa katika kiwanda cha Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, kaskazini mwa Uingereza, na hatimaye vikafika 44. Vilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 1,840, na ngurumo ya chini inayosikika kabla treni haijaonekana. Hivyo ndivyo vilivyokokota treni za mizigo na za abiria kupitia Timboroa kuja Malaba na Tororo. Baadaye vilibadilishwa namba vikawa aina ya 87, na wazee wengi wa reli wanavikumbuka kwa namba hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo, kiwanda kile kile kilikuwa kikiitengenezea Uingereza vichwa vya aina ya 37, vilivyotoka kati ya 1960 na 1965. Ni ndugu wa damu wa vile vya kwetu, damu moja ya English Electric. Vile vya kwetu vimekwisha kuondolewa kazini. Vya Uingereza, baadhi yake, viliendelea kufanya kazi baada ya kutimiza miaka 50, na kazi mojawapo iliyovibakiza ni kukokota treni mpya za umeme zisizoweza kujiendesha: zikitoka kiwandani, zikihamishwa mahali pasipo na waya, au zikiharibika njiani. Chuma kilichozaliwa pamoja na cha Tororo kimeishi muda mrefu hivyo kwa kuwa kuna mtu aliyekitunza na kukipangia kazi.

Sisi tulitunza vipi? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja la reli likawa matatu. Kenya ilijipatia vichwa vya General Electric vya Marekani: 26 vya aina ya 93 mwaka 1978, na 10 vya aina ya 94 mwaka 1987. Uganda iliegemea Henschel za Ujerumani. Karakana kuu ilikuwa Nairobi, na kwa hiyo Uganda iliingia miaka yake migumu ikiwa na reli lakini bila hospitali kamili ya vichwa vyake. Vita na umaskini vikafanya yaliyobaki. Kwenye tawi la kaskazini, njia ya Mbale na Soroti, nyasi ziliota kati ya reli, na mataruma ya chuma yaling'olewa yakauzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 2006 njia za Kenya na Uganda zilikabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Kampuni hiyo ilileta vichwa 20 vya General Electric vilivyokwisha kutumika Marekani, vikafanyiwa ukarabati na kuanza kuwasili mwaka 2014. Mkataba haukufika mbali: mwaka 2017 ulivunjwa. Vichwa vilibaki, na vingine bado vinavuta mizigo.

Jambo la kushangaza ni kwamba umeme wenyewe haukuwa mgeni Tororo. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 nyaya kubwa za kutoka Uganda kupitia Tororo zilianza kupeleka umeme Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 60, basi, umeme wa Mto Nile umekuwa ukivuka mpaka juu kwa juu, huku chini yake treni zikivuka kwa mvuke na kwa dizeli.

Waliothubutu mapema zaidi katika ukanda wetu ni Katanga. Mwaka 1952 kampuni ya reli ya B.C.K. ilianza kuendesha treni za umeme kati ya Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na Tenke. Sababu ilikuwa wazi: migodi ya shaba ilikuwa na mzigo usiokwisha, na mabwawa ya mto Lufira na mto Lualaba yalikuwa na umeme. Ulikuwa umeme wa aina ile ile inayotumiwa na reli za kisasa za leo, wakati ambapo hata Ulaya ilikuwa bado inaujaribu. Mtandao ulipanuka hadi kupita kilomita 800, ukafika Lubumbashi, Kolwezi na Kamina. Watoto wa Lubumbashi wanaozungumza Kiswahili walikua wakiiona treni ya umeme kabla ya watoto wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Kisha migodi ya serikali ikaanguka katika miaka ya 1990, fedha za matengenezo zikakauka, na nyaya zikachakaa. Shirika la reli la Kongo, SNCC, likarudi kwenye dizeli, na treni nyingi zikawa zinakokotwa na dizeli chini ya nyaya za umeme zilizotundikwa enzi za mababu. Huo ni uokoaji wa aina nyingine, wa miaka na miaka, na mtu anayepanga reli ya umeme Afrika Mashariki asiposoma kisa cha Katanga atakuwa amejinyima somo lililo jirani kabisa. Bila dizeli, shaba iliyotegemea reli ingebaki Kolwezi.

Ethiopia nayo ilianza kwa dizeli. Reli yake ya umeme ya Addis Ababa na Djibouti ilizinduliwa rasmi Oktoba 2016, lakini mwishoni mwa 2015, ukame ulipobana na nyaya hazijapata umeme, vichwa vya dizeli ndivyo vilivyopitishwa juu ya reli hiyo mpya kupeleka nafaka bara.

Tanzania ndiyo iliyotangulia katika nchi wanachama wa Jumuiya kwa reli ya kisasa ya umeme. Treni ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, na safari za Dodoma zikafuata mwishoni mwa Julai. Siku hizo hizo za mwanzo treni ilisimama njiani kati ya Morogoro na Dodoma kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli Tanzania likawataja ngedere na bundi kuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Watu walitania sana mitandaoni. Mimi sioni cha kutania. Mnyama akiunganisha waya wenye umeme na nguzo, ulinzi wa mtambo hukata umeme wenyewe, kama unavyotakiwa kufanya, na reli inayopita mwituni lazima ijue kuishi na wanyama. Utani ungefaa kuishia hapo, swali likaanza: dizeli ya akiba imesimama stesheni gani, na ikiitwa itafika baada ya dakika ngapi?

Uganda haina njaa ya umeme. Bwawa la Karuma, la megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Lakini kuwa na umeme mwingi si sawa na kuwa na umeme usiokatika. Agosti 2022 kituo cha Isimba kilifurika maji na kuzimwa, na sehemu kubwa ya nchi ikaonja giza. Wezi wameng'oa vyuma vya minara ya nyaya kubwa mara nyingi kiasi cha kuiangusha. Kenya nayo ilizimika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Gridi za nchi hizi mbili zimeunganishwa papa hapa Tororo, hivyo tatizo la upande mmoja linaweza kuvuka mpaka bila pasipoti.

Kuna wanaosema: dizeli za zamani zipo Tororo na Kampala, zitaokoa. Haziwezi, na jambo hili lisemwe wazi kabla watu hawajajiliwaza. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ya kisasa ina milimita 1,435. Kichwa cha Henschel kilichosimama Tororo hakiwezi kupanda juu ya reli mpya hata kikisukumwa. Kinachoweza kufanywa na reli ya zamani ni kubeba mzigo na watu pembeni wakati mpya imelala, na kwa kazi hiyo inastahili kutunzwa. Tawi la kutoka Tororo hadi Gulu, kilomita 375, limekuwa likikarabatiwa na kampuni ya China Road and Bridge, na kwa upande wa Kenya njia ya zamani kutoka Naivasha hadi Malaba imefanyiwa matengenezo. Hizo ni fedha zilizowekwa mahali pake. Reli mbili zinazokwenda sambamba si anasa kwa nchi isiyo na bahari.

Kwa reli mpya yenyewe, hata hivyo, Uganda itahitaji dizeli za upana wa kisasa, na angalau moja iwekwe karibu na mpaka. Treni ya mizigo iliyokwama Tororo ikisubiri kichwa kitoke Kampala, umbali wa zaidi ya kilomita 200, mizigo yote nyuma yake itasimama hadi Naivasha. Tena hapa pana bahati ambayo watu hawaioni. Reli ya kisasa ya Kenya, iliyoanza safari za Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017 na kufika Naivasha mwaka 2019, inatumia vichwa vya dizeli. Itakapofikishwa Malaba ikiwa bado na dizeli zake, kichwa cha Kenya ndicho kitakachokuwa jirani wa kwanza wa treni ya umeme iliyokwama upande wa Uganda. Upana wa reli ni mmoja. Yaliyobaki ni makubaliano: kiungio cha aina gani, breki zikubaliane vipi, dereva wa Kenya aruhusiwe kuvuka hadi wapi, nani amlipe nani. Ya Kenya imejengwa na Wachina kwa viwango vya China, na ya Uganda inajengwa na Waturuki. Viungio visipopatanishwa sasa, kwenye karatasi, vitakuja kukataana kwenye mvua, mbele ya abiria.

Mafundi nao wasisahaulike. Anayejua kuisikiliza injini ya dizeli na kutambua silinda inayokosa, anayejua kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta usiku kwa tochi, hakufundishwa kwa wiki mbili. Wengi wao wameshastaafu, na wengine walipoteza kazi zao katika mabadiliko ya 2006 na 2017. Karakana ya Nalukolongo mjini Kampala na zile za Nairobi ziwaite waje kuwafundisha vijana sasa, wakati bado wana nguvu za kupanda ngazi ya kichwa cha treni.

Wabunge wa Tororo na Busia wanaokaa kwenye kamati za miundombinu na uchukuzi wana nafasi ya kuuliza maswali matatu mepesi: ni vichwa vingapi vya dizeli vya uokoaji vimewekwa katika mpango wa Malaba na Kampala, vitasimama stesheni gani, na Kenya imekubaliana na Uganda viungio vya aina gani. Wayaulize hadharani, na majibu yapatikane kwa maandishi kabla treni ya kwanza haijaletwa.